Vitundu vya Gunia: Shajara ya Aprili

Jumamosi, Aprili 5

Leo mnada wa shambani, kaskazini ya Iowa City, barabara ya changarawe mpaka mlangoni. Mwenye shamba amefariki, watoto wake wanaishi mbali, na vyombo vyote vilikuwa vimepangwa uani juu ya matela mawili ya kubebea nyasi. Nilifika mapema nikapekua. Chini ya tela la pili palikuwa na kasha la mbao lililojaa mapazia ya nailoni, na chini ya mapazia ikachungulia ncha ya kitambaa cha pamba chenye maua ya buluu. Nikageuza upindo. Vitundu vilikuwepo, vimefuatana mstari mmoja, kila kimoja kina nafasi ya kupita punje ya ulezi.

Vitundu ndivyo ushahidi wangu. Kuanzia miaka ya 1920 hadi miaka ya 1950, wakulima wa Marekani walinunua unga, sukari, mbegu na chakula cha kuku ndani ya magunia ya pamba, na mengi kati yake yalichapwa maua, mistari na miraba ili gunia likishakuwa tupu, mama wa nyumba alifumue ashone gauni. Kiwanda kilifunga gunia kwa uzi mnene na sindano nene. Uzi ukitolewa, vitundu vinabaki, na havizibi hata kitambaa kifuliwe miaka themanini.

Dalali alipolifikia kasha, upepo ulinipokonya kadi yenye namba yangu ukaipeleka chini ya trekta. Bila kadi hununui. Mzee mmoja akalipata kwa dola nne. Alichotaka ni kasha lenyewe, la kuwekea bisibisi zake, kwa hiyo akamwaga vilivyomo kwenye nyasi, mahali ambapo mvua ya usiku ilikuwa imeacha tope. Nilimwomba aniuzie vitambaa. Akasema nichukue tu. Nimerudi na magunia manne yaliyofumuliwa, na moja ambalo halikuwahi kufumuliwa: mshono wake wa kiwandani mzima chini na ubavuni, na kipande cha lebo ya karatasi bado kimegandia. Yote yana tope, ila hilo la mwisho limepona upande wa lebo.

Jumapili, Aprili 6

Baada ya ibada nimeyaroweka yale manne kwenye beseni la kuogea, maji baridi na sabuni laini isiyo na dawa ya kung'arisha. Gunia zima sikulilowesha, nimelipangusa tope kwa brashi kavu. Karatasi ya lebo ikiingia maji hubanduka mara moja, na ndivyo ilivyokusudiwa. Magunia ya awali yalipigwa chapa ya kinu moja kwa moja juu ya kitambaa, na akina mama walihangaika kuitoa kwa mafuta ya nguruwe, mafuta ya taa na sabuni kali waliyoipika wenyewe. Baadaye watengenezaji walileta wino unaotoka kwa kufuliwa, na wengine wakaanza kubandika karatasi. Hilo hunigusa kila nikilikumbuka. Wanawake wa mashambani, ambao hawakuwa na kiti katika kikao chochote cha kampuni, walichoka kusugua, na viwanda vikabadilisha wino.

Pembe moja ya gunia mojawapo ilikuwa bado imeshonwa, na ndani yake kulikuwa na chakula cha kuku cha miaka hiyo. Kikaumuka, kikatoka kwenye mshono, kikaziba bomba. Maji hayakushuka hadi saa nne usiku. Watu wote wa nyumba hii wameoga kwa ndoo.

Jumatatu, Aprili 7

Yamekauka. Mawili ni pacha, yale ya maua ya buluu kwenye rangi ya maziwa, na ni mazuri kuliko yalivyoonekana kwenye tope. Kila moja limefunguka inchi 36 kwa 43 hivi, ambacho ni kipimo cha kawaida cha gunia la ratili 100, yaani kama kilo 45. Gauni la mwanamke mzima lilikula magunia matatu. La mtoto wa miaka minane linatoka kwenye moja na nusu ukikata kwa uangalifu. Nimeamua yatakuwa gauni la Pasaka la mjukuu wangu.

Kuna wakusanyaji ambao hawatii mkasi kwenye gunia lolote. Nawaheshimu, lakini mimi nina kanuni yangu. Gunia lenye mshono wa kiwandani na lebo halikatwi. Hilo linaviringishwa kwenye shuka ya pamba na kuwekwa mbali na jua na mbali na mbao tupu, maana mbao huacha madoa ya hudhurungi kwenye pamba. Gunia lililokwisha kufumuliwa tayari lilianza safari ya kuwa nguo, na mtu wa kwanza alishalikatia shauri. Hilo nalikata.

Jumanne, Aprili 8

Mkwe wangu ni mtu wa kusaidia. Jana usiku aliona kwenye gunia mojawapo la buluu alama hafifu ya jogoo mwekundu na namba 100, akadhani ni doa, akalimiminia dawa ya kung'arisha nguo nyeupe. Asubuhi jogoo yuko palepale. Maua ya buluu yaliyomzunguka yametoweka, eneo la upana wa sinia.

"Shikamoo mama," alisema aliporudi kazini. "Nimeambiwa."

Nikamwitikia marahaba, nikamweleza kwamba chochote kilichomo ndani ya beseni la kijani kisiguswe. Amekubali. Ameandika tangazo kwa kalamu nene akalibandika juu ya beseni, kwa Kiswahili na Kiingereza.

Kitambaa kilichobaki kinatosha sketi na kifua. Hakitoshi mikono wala ukosi.

Jumatano, Aprili 9

Lile gunia zima lilikuwa mezani, linasubiri shuka yake. Nilikuwa jikoni.

"Bibi, uzi huu umetokeza."

Nilisema usiuvute. Alikuwa ameshauvuta.

Mshono wa gunia ni wa mnyororo: kila kitanzi kimeshikiliwa na kinachofuata, na cha mwisho hakishikiliwi na kitu ila fundo. Ukivuta kutoka ncha isiyofaa, utakaza na kukata vidole. Ukivuta kutoka ncha inayofaa, mshono wote unaachia kwa pumzi moja, na mtoto alikuwa ameshika ncha inayofaa. Nilipofika mlangoni gunia lilikuwa kitambaa bapa juu ya meza, na yeye ameshika uzi mrefu mkononi, macho yamemtoka kwa furaha. Lebo ilikuwa imedondoka sakafuni.

Mbele ya mkusanyaji thamani yake imeshuka. Lakini alichofanya mtoto ndicho hasa mshono huo ulichoundiwa. Uliwekwa ili ufunguke kwa mkono, bila kisu, bila kuchana kitambaa. Hata uzi haukutupwa enzi hizo. Ulizungushwa kuwa donge, ukafumiwa vitambaa vya meza na vishikio vya sufuria, ukatumika kutungia mifarishi. Nimemfundisha kuuzungusha kwenye kadi, na lebo nimeiweka kati ya karatasi mbili ndani ya Biblia kubwa ili inyooke.

Kitambaa chenyewe ni buluu iliyokolea yenye nukta nyeupe. Mikono na ukosi vimepatikana.

Alhamisi, Aprili 10

Nimemtembelea bibi jirani, mwenye miaka 88, aliyekulia shambani kusini mwa hapa. Nilimpelekea mto mdogo niliouunga kwa vipande vya magunia, viraka vya pembe sita, kazi ya majira yote ya baridi.

Aliupokea kwa mikono miwili akautazama muda mrefu. Akaniambia baba yake alipokwenda kununua chakula cha kuku, mama yake alimpa kipande cha kitambaa mfukoni ili alete gunia la maua yaleyale. Dukani magunia yalikuwa yamepangwa hadi darini, na yale ya maua yaliyotakiwa yalikuwa chini daima. Baba akasogeza magunia ya ratili mia moja moja, na mwenye duka akanuna. Nimesoma habari hizi mara nyingi vitabuni. Kuzisikia kwa mtu ambaye gauni lake lilitegemea mgongo wa baba yake ni kitu kingine.

Kisha akasema hakuyapenda magauni yale. Shuleni kila mtoto alijua maua fulani yalikuja na chakula gani, kwa hiyo ulipoingia darasani wenzako walijua baba yako alinunua nini na kiasi gani. Alipopata mshahara wa kwanza alinunua gauni la dukani, la kitambaa kisicho na ndugu mjini.

Sikuwa na la kumjibu, na sidhani lilihitaji jibu. Wanaoandika juu ya magunia haya huandika maua tu. Umaskini nao umo humo ndani ya kitambaa, na anayekusanya bila kuukumbuka anakusanya nusu.

Nilipoaga, mto ulikuwa kwenye kiti cha pembeni na mbwa wake amelala juu yake. Bibi alisema mbwa huyo hachagui hovyo.

Jumamosi, Aprili 12

Mkanda wa cherehani umekatika katikati ya mshono wa ubavuni. Cherehani yangu ni ya miaka mingi, ya chuma, na mkanda wake ni wa ngozi. Fundi wa karibu hana saizi hiyo, wa Cedar Rapids anayo lakini hafungui hadi Jumanne. Nimeendelea kwa mkono.

Ni halali kukwama kwa sababu ya cherehani, kwa kuwa bila cherehani hadithi hii yote isingekuwepo. Kabla ya hapo unga ulisafiri kwenye mapipa ya mbao, mazito, yenye kuvuja na kuoza. Kitambaa kilikuwa rahisi zaidi, ila mshono wa mkono haukuweza kuhimili uzito wa nafaka kwenye gari la reli. Elias Howe alipata hataza ya cherehani yake mwaka 1846, na baada ya hapo mishono imara ikawezekana na gunia likalishinda pipa. Magunia hayo ya mwanzo yalikuwa ya pamba tupu isiyo na maua, ndugu wa karibu wa marekani ile ambayo meli za Salem zilishusha Unguja katika karne ya 19 na ambayo mama yangu, kule Tanga, alishonea foronya. Nikishika gunia la unga lisilo na maua, vidole vyangu vinalijua kabla ya macho.

Vidole hivyo leo vina matobo ya sindano. Ubavu mmoja umekamilika.

Jumanne, Aprili 15

King'ora cha tufani kililia saa kumi na mbili na robo jioni nikiwa napiga pasi. Nilizima pasi, nikachukua mtoto, gauni na kopo la pini, tukashuka chini ya jengo pamoja na wapangaji wengine. Ngazi ya mwisho haina taa. Mtu nyuma yangu alinigonga kiwiko na kopo likamwagika.

Watoto wengi walikuwa peku. Kwa hiyo watu wazima wote wa jengo hili, wakati upepo unavuma juu, waliinama na simu zao wakiokota pini kwenye sakafu ya saruji. Mama mmoja wa Uvira anayeishi ghorofa ya tatu, mjamzito wa miezi saba, ambaye hakuruhusiwa kuinama, alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa akashika gauni langu.

"Mama, hii ni kitenge ya wapi?"

Nikamwambia ni gunia la chakula cha kuku.

Akaligeuza ndani nje, akaona vitundu, akacheka kwa mshangao mwema. Kwao, alisema, mama yake alishona mikoba ya sokoni kwa viroba vya sukari, lakini kiroba kina maandishi tu, hakina maua. Nani aliamua kuweka maua kwenye chakula cha kuku?

Basi nikasimulia, tuko gizani na muda tunao. Nilimwambia habari za Asa T. Bales wa Missouri, aliyeomba hataza mwaka 1924 ya gunia ambalo kitambaa chake kitafaa kushonea nguo, na kinu cha George P. Plant cha St. Louis kilichouza unga wa Gingham Girl ndani ya magunia ya miraba. Vinu vingine vikaona mauzo, vikafuata. Kampuni za magunia, Bemis ya St. Louis, Percy Kent ya Kansas City, Werthan ya Nashville, zikashindana kwa michoro. Kisha ukaja mdororo mkubwa wa uchumi, halafu vita. Mwaka 1942 serikali iliweka mipaka ya kiasi cha kitambaa kinachoruhusiwa kwenye nguo za kike, lakini magunia hayakuguswa kwa kuwa yalihesabiwa ni vifungashio. Ilikadiriwa wakati huo kwamba wanawake na watoto milioni 3 walikuwa wakivaa nguo zilizotokana na magunia. Baraza la Pamba la Taifa na chama cha watengeneza magunia wakagawa vijitabu vyenye ruwaza na maelekezo ya kukata.

"Basi mteja alikuwa mama," alisema yule mama wa Uvira. "Kuku alikula tu."

Sijasoma kitabu kilichosema vizuri zaidi. King'ora kilinyamaza saa moja kasoro. Tumerudisha pini zote tulizoziona. Mpangaji wa chini amepata moja zaidi usiku huu, na amenijulisha.

Ijumaa Kuu, Aprili 18

Cherehani ina mkanda mpya. Kwapa la kushoto limechanika.

Sababu naijua: kwa kuwa kipande kikubwa kilikwenda na dawa ya kung'arisha, bega la kushoto ilibidi lipite kwenye mstari wa vitundu, na mstari wa vitundu ni mahali dhaifu. Mtoto alipoinua mkono kujipima, kitambaa kikaachia kitundu kwa kitundu hadi kiunoni, mlio mdogo, kisha kimya. Nimeweka kiraka kwa ndani, kipande cha pamba nyeupe kutoka gunia la sukari. Sukari ilihitaji ufumaji wa nyuzi nyembamba zilizobanana ili punje zisivuje, ndiyo maana gunia lake ni laini kuliko la mbegu na linashika mshono vizuri. Magauni ya zamani niliyowahi kuyageuza ndani nje yana viraka vya namna hii kwapani. Kazi imekwisha saa tano usiku.

Jumapili ya Pasaka, Aprili 20

Gauni lilipendeza. Ukosi wa nukta nyeupe ulikaa vizuri kuliko ningepanga. Baada ya ibada watoto walitafuta mayai bustanini, na mjukuu wangu alipata la chokoleti, akalikalia. Gauni nimelirowesha kwenye maji baridi ndani ya beseni la kijani, chini ya tangazo.

Jumanne, Aprili 22

Kifurushi kimefika kutoka kwa muuzaji wa jimbo jingine: "gunia halisi la miaka ya 1930, wanasesere wa kukata." Nimelisubiri wiki nzima kwa hamu, kwa sababu ni kweli kwamba magunia ya sukari ya Sea Island miaka hiyo yalichapwa wanasesere ambao mama angewakata, akawajaza pamba na kumpa mtoto. Kupata moja ambalo halijakatwa ni bahati.

Hili si gunia. Kitambaa ni kipya, kimebanana mno, hakina ule ulegevu wa ufumaji wa gunia. Vitundu vimetobolewa kwa sindano ya kawaida, umbali wake haulingani, na kingo zake ni safi. Kitundu cha kweli kina duara hafifu pembeni, mahali uzi ulipokikaba kitambaa. Rangi ya kahawia iliyopakwa ili kionekane cha zamani inanuka chai.

Nimeandika barua kuomba pesa zangu. Lakini kinachoniuma hakihusu dola. Vitambaa vya maua ya mtindo wa 1930 vinachapwa upya na kuuzwa dukani kwa uwazi, na mimi mwenyewe hununua ninapokosa cha kujazia. Hilo halina ubaya. Kutoboa vitundu ni jambo jingine, ni kughushi alama pekee iliyoachwa na kazi ya mwanamke fulani aliyeketi akafumua.

Zaidi ya hayo, hata vitundu havisemi yote. Viwanda viliuza baadhi ya michoro hiyohiyo kwa yadi madukani. Kitambaa kisicho na vitundu huenda kilitoka kwenye jora, au huenda mshonaji alikata kingo. Katika hali hiyo naandika kwenye karatasi "maua ya gunia" na sisemi zaidi.

Nilipokuwa nakunja kifurushi kukirudisha, gundi ya bahasha ilinasa kwenye mkono wa sweta langu la sufu. Bahasha imeondoka na sehemu ya sweta.

Jumamosi, Aprili 26

Kikundi chetu cha kuunga viraka kilikutana hapa kwangu. Tunaandaa mfarishi wa mtoto wa mama wa Uvira: uso wa viraka vya magunia, katikati pamba, na mgongo wa gunia tupu la unga ambalo maandishi yake yamefifia hadi yanasomeka kwa kukisia tu. Mwenzetu mmoja alitaka mgongo uwe wa kitambaa kipya, akisema maandishi ni ya aibu kwa zawadi. Nilimpinga. Wanawake Weusi wa Gee's Bend, Alabama, waliweka magunia ya unga na ya mbolea migongoni mwa mifarishi yao kwa sababu ndiyo waliyokuwa nayo, na mwaka 2002 mifarishi hiyo ilitundikwa kwenye makumbusho ya sanaa ya Houston na ya Whitney, New York. Mwaka 2006 ikawa stempu za posta. Pale West Branch, maili kumi hivi kutoka hapa, maktaba ya Rais Hoover ina magunia ya unga uliopelekwa Ubelgiji wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Wabelgiji waliyatarizi juu ya chapa za vinu wakayarudisha kama shukrani, na walizizungushia zile chapa nyuzi za rangi, hawakuzificha. Nimesimama mbele ya moja nikaona mwanamke aliyefuata kila herufi ya jina la mji wa Kansas ambao hakuwahi kuuona. Na kwenye makumbusho ya Smithsonian kuna gauni ambalo Dorothy Overall wa Caldwell, Kansas, alilishona mwaka 1959 kwa shindano la ushonaji wa magunia ya pamba, wakati ambapo mifuko ya karatasi, rahisi zaidi, ilikuwa tayari inayaondoa magunia sokoni.

Tulipiga kura. Gunia limeshinda.

Wakati wa kutandika, mguu mmoja wa fremu ulichomoka na mfarishi ukashuka upande wa birika. Chai ilimwagika kwenye mgongo, juu ya maandishi. Yule mwenzetu hakusema neno. Tumesuuza palepale kwa maji baridi, na kwa kuwa gunia lilikuwa limelowa, maandishi yamejitokeza vizuri kuliko mwanzo, kama yanavyofanya daima yakiwa na maji. Tumeweza kusoma kwamba lilikuwa la ratili 50.

Jumanne, Aprili 29

Mkulima mmoja amenipigia simu. Anabomoa ghala, juu ya dari kuna lundo la magunia, amesikia kuna mama wa Kiafrika mjini anayeyataka.

Nilikwenda na binti yangu. Panya wameishi humo vizazi vingi. Magunia ya juu yamekuwa vumbi na mkojo, hayafai hata kwa tambara. Nilivaa glavu na barakoa nikaenda nikitenganisha moja moja, na kadiri nilivyoshuka ndivyo yalivyokuwa na uhai, kwa sababu ya juu yameyalinda ya chini. Katikati nikakuta mistari ya kijani na waridi. Chini kabisa, yaliyokandamizwa na uzito wa yote, magunia mawili ya zambarau yenye ndege, mishono mizima, lebo zote mbili zinasomeka. Sijawahi kuona ndege wale katika kitabu chochote nilichonacho. Binti yangu aliniuliza kama naumwa, kwa kuwa nilikuwa nimeketi sakafuni.

Mkulima alitaka dola arobaini kwa lundo lote, pamoja na panya. Nilisema kumi na tano kwa yale yaliyo hai. Akasema mke wake marehemu aliyahifadhi. Nikasema ishirini na tano, na kwamba nitamletea kitu kilichoshonwa kutokana nayo ili akione. Akakubali, akaenda ndani, akarudi na donge la uzi wa magunia, kubwa kuliko kichwa cha mtoto, akaniwekea juu bila kuongeza bei.

Njiani dirisha la nyuma lilikataa kupanda, mvua ikaanza, na tumeyafunika kwa makoti yetu.

Kitambaa cha ghalani hakiingizwi kabatini moja kwa moja, kina mayai ya nondo na wadudu wengine. Kinafungwa kwenye mfuko wa plastiki, kinakaa kwenye friza siku kadhaa, kinatolewa, kinarudishwa tena. Friza ilikuwa imejaa. Binti yangu ameondoa mboga na kuku wawili ili mifuko ienee. Kuku hawawezi kusubiri, kwa hiyo wote wawili wanapikwa usiku huu, mmoja pilau na mwingine mchuzi wa nazi, na mama wa Uvira na mpangaji wa chini wameitwa waje kula.